Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wazee wetu wametuachia usemi ambao kila nyumba yaujua: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake si ngumu. Mgeni afikapo, kuku huchinjwa, wali hupikwa, na watoto waliokula mlenda siku zote hupata nao kipande cha nyama. Ugeni huwa baraka kwa wote wawili, ajaye na apokeaye. Lakini usemi huo una kipimo ndani yake. Mgeni akija, akala, akashiba, akaondoka, na mwenyeji akabaki na njaa kuliko ile ya jana, basi ugeni huo haukustahili jina lake.

Katika somo letu la juma hili twataka kukitumia kipimo hicho kwa wageni wa namna moja, nao ni watalii, wale wanaovuka bahari ili kuwatazama wanyama na misitu yetu. Twauliza swali moja tu: je, mwenyeji anapona? Na mwenyeji tunayemsema si mwenye hoteli wala mwenye magari ya kuwabeba wageni. Ni yule baba na yule mama ambao nyumba yao i ndani ya hifadhi, au mpakani mwake, au ilikuwako humo zamani.

NCHI YA DHAHABU, NCHI YA WANYAMA

Msafiri atokaye Shinyanga kwenda Geita hupita katika nchi iliyozoea kutajwa kwa madini, pamba na ng'ombe. Almasi za Mwadui zajulikana tangu mwaka 1940, na huko Geita mgodi mkubwa wa kisasa wa dhahabu ulifunguliwa mwaka 2000. Wachache hukumbuka kwamba nchi hiyo hiyo imezungukwa na hifadhi. Upande wa mashariki, kupita Maswa na Meatu, wilaya zilizokuwa za Mkoa wa Shinyanga hata Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012, liko Pori la Akiba la Maswa, na baada yake Serengeti. Upande wa magharibi iko Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Na ndani ya Ziwa Viktoria, katika Mkoa wa Geita, kiko Kisiwa cha Rubondo, ambacho chote ni hifadhi.

Kabla ya kuendelea, yatupasa kuyajua majina, maana jamaa wengi wamepata hasara kwa kutoyajua. Hifadhi ya Taifa ni nchi ambayo mwananchi haruhusiwi kukaa, kulima, kuchunga wala kuwinda. Pori la Akiba nalo halikaliwi wala halichungwi, ila uwindaji wa kulipia kibali waweza kuruhusiwa. Pori Tengefu ni jambo jingine: hapo zamani watu walikaa humo na mifugo yao, lakini Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 ilikaza masharti, hata kuchunga humo kukahitaji ruhusa. Ngorongoro ni ya peke yake, kwa kuwa iliwekwa iwe ya watu, mifugo na wanyama pamoja. Mwisho iko Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori, ambayo ni ardhi ya vijiji vyenyewe, iliyotengwa na wanavijiji kwa hiari yao, kama ile ya Makao katika Wilaya ya Meatu.

Mtu anunuaye shamba bila kuuliza liko katika nchi ya namna gani amejitega mwenyewe. Lakini tuseme kweli: si mara zote kosa ni la mnunuzi. Mara nyingine mpaka ndio uliomfuata mtu nyumbani kwake.

RUBONDO: WATU WALITOKA, WANYAMA WAKALETWA

Tukitazame Kisiwa cha Rubondo. Hapo kale kilikaliwa na Wanyubi, watu wavuvi na wakulima, walioyajua maji yale na misitu ile kama mtu aijuavyo nyumba yake. Mwaka 1965 kisiwa kilifanywa Pori la Akiba, na katika miaka ile wenyeji walihamishwa wakaenda kukaa visiwa vya jirani na bara. Mwaka 1977 kikawa Hifadhi ya Taifa.

Sasa angalieni mambo yalivyokwenda. Wakati ule ule ambao watu walikuwa wakitolewa, wanyama walikuwa wakiletwa. Baina ya mwaka 1966 na 1969 waliachiwa huko sokwe 17, waliotoka katika bustani za wanyama za Ulaya, kwa kazi ya Profesa Bernhard Grzimek wa Frankfurt na wenzake. Twiga pia waliletwa, na ndovu, na mbega. Wageni wa leo huwatazama sokwe wale na kustaajabu, na ni haki yao kustaajabu. Lakini wangapi huambiwa ya kuwa sokwe hao ni wageni kisiwani kuliko Wanyubi?

Hatusemi kwamba Rubondo haina faida. La hasha! Tukisema hivyo tutakuwa tumedanganya. Maji yanayoizunguka yamekatazwa kuvuliwa, na samaki huzaliana humo kwa salama. Samaki hajui mpaka; akuliaye ndani ya hifadhi huweza kutoka nje, akaingia katika wavu wa mvuvi. Basi hata mvuvi asiyemwona mtalii maisha yake yote ana sehemu yake katika hifadhi ile. Tunachosema ni kwamba faida hii ya wengi ilinunuliwa kwa bei, na waliolipa bei hiyo walikuwa wachache. Mwenye haki hawasahau waliolipa.

Kadhalika Burigi-Chato. Mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa mwaka 2019 yakawa Hifadhi ya Taifa moja yenye ukubwa wa kilometa za mraba 4,700 na zaidi. Wenye umri watakumbuka kwamba hapo nyuma wasafiri walipita katika mapori yale kwa hofu ya majambazi, magari yakisindikizwa na askari. Ikiwa leo mgeni aweza kwenda huko kutazama wanyama, hilo ni jambo la kushukuru. Lakini mfugaji aliyezoea kupeleka ng'ombe huko wakati wa kiangazi, halali au si halali, hakupewa malisho mengine. Ng'ombe wake hawakuacha kula kwa sababu jina la pori limebadilika. Wakifukuzwa hapa, huenda kule. Na kule nako kuna mkulima, na ugomvi huanza upya.

TUHESABU PANDE ZOTE MBILI

Mfanyabiashara mwema huandika daftarini mapato na matumizi pia. Nasi tufanye vivyo hivyo.

Kwanza mapato. Utalii huiletea nchi yetu fedha nyingi za kigeni. Mwaka 2019 wageni zaidi ya milioni 1.5 waliingia nchini. Mwaka 2023 walizidi milioni 1.8. Kwa fedha hizo dawa hununuliwa na barabara hujengwa, hata katika mikoa isiyo na tembo hata mmoja. Vijana hupata kazi ya kuongoza wageni, kupika, kuendesha magari na kulinda. Shirika la Hifadhi za Taifa nalo, tangu miaka ya 1980, limekuwa na mpango wa ujirani mwema, ambao kwao madarasa, zahanati na visima vimejengwa katika vijiji vya mipakani.

Sasa matumizi. Ndovu akiingia shambani usiku mmoja, hula kazi ya mwaka mzima. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka malipo yaitwayo kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Majina hayo yenyewe yasema kweli: hufuta jasho, hayalipi shamba. Tena kanuni hizo zilimwacha bila malipo mtu ambaye shamba lake lilikuwa ndani ya meta 500 kutoka mpakani, ambaye ndiye ndovu humfikia kwanza.

Liko jambo la pili. Utalii ni mti unaozaa vizuri mwaka wa mvua, na kukauka upesi mwaka wa jua. Maradhi ya korona yalipoingia mwaka 2020, wageni walishuka hata wakawa kama 620,000 tu. Kijana aliyeacha jembe akawa mbeba mizigo wa wageni alirudi nyumbani mikono mitupu. Mwenye shamba lake na ng'ombe wake aliendelea kula. Basi na wazazi wafahamu: kazi ya utalii ni njema, lakini si busara nyumba nzima kuegemea nguzo moja.

La tatu ni njia ya fedha. Katika mwaka wa fedha 2020/2021 mapato ya hifadhi yalianza kukusanywa na Mamlaka ya Mapato na kuingia katika Mfuko Mkuu wa Serikali, ndipo hifadhi zigawiwe fungu lao. Twaelewa sababu yake: mali ni ya taifa zima. Walakini tulinganishe na dhahabu. Huko Geita, mgodi hulipa ushuru wa huduma kwa Halmashauri, na tangu sheria ya madini iliporekebishwa mwaka 2017, mpango wa mgodi wa kuwasaidia wananchi hauna budi kukubaliwa na Halmashauri yenyewe. Twajua kwamba dhahabu nayo imeleta machozi. Wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu walioondolewa mwaka 1996 hawajasahau. Lakini leo diwani wa Geita aweza kusimama barazani akauliza, "Fedha yetu ya mwaka huu imejenga nini?" na kuna kitabu cha kufunguliwa. Mkazi wa mpakani mwa hifadhi naye ataka kitabu cha namna hiyo. Je, anadai makubwa?

SOMO LA NGITILI

Wako watu wasemao kwamba mwananchi hajui kuhifadhi, na kwamba bila bunduki na faini pori litakwisha. Wenye kusema hivyo tungependa waende Shinyanga.

Nchi ya Wasukuma ilikatwa miti sana katika siku za Waingereza, kwa ajili ya kuwaua mbung'o na kufungua mashamba ya pamba. Ng'ombe wakaongezeka, watu wakaongezeka, na watu walipohamishiwa vijijini miaka ya 1970 desturi nyingi za kutunza nchi zikavunjika. Kufikia miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa ikielekea kuwa jangwa. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wengi waufahamu kwa jina la HASHI. Miti ya kigeni ilijaribiwa, lakini wataalamu wenye busara walikaa chini na wazee, wakawauliza: "Ninyi zamani mlifanyaje?"

Wazee walijibu kwa neno moja: ngitili. Ngitili ni malisho yaliyofungwa wakati wa mvua, ng'ombe wasiingie, nyasi zikue, vichipukizi vya miti vipate nguvu. Kisha kiangazi kikikaza hufunguliwa, na mifugo hupona. Nyingine ni za mtu na nyumba yake, nyingine za kijiji kizima. Walinzi wake ni sungusungu, na mwenye kuvunja mpaka huitwa mbele ya dagashida, yaani baraza la wenyeji, akahukumiwa na watu anaokutana nao kila siku kisimani.

Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Mpango ulipofikia mwisho mwaka 2004, ilikadiriwa kwamba hekta zaidi ya 300,000 zilikuwa zimerudishwa uhai, katika vijiji zaidi ya 800. Kuni zilipatikana karibu, asali na dawa zilirudi, na ndege walirudi pia. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa tuzo ya Umoja wa Mataifa. Haikuhitaji kumhamisha mtu hata mmoja.

Hatusemi ngitili yaweza kuwa Serengeti. Simba hawezi kutunzwa katika hekta kumi za nyuma ya nyumba, na pundamilia ahitaji nchi ya kutembea. Hifadhi kubwa zahitajika. Lakini ngitili yatufundisha kwamba mtu hulinda kile alichoshiriki kukiamua. Aliyeamuliwa hutii maadam askari yupo. Askari akigeuka, naye hugeuka.

NGUVU NA AHADI

Mwaka 2013 tuliona lile neno la Operesheni Tokomeza. Nia yake ilikuwa njema, kuwakomesha wauaji wa tembo. Lakini malalamiko ya watu kupigwa na kuteswa, na mifugo kuuawa, yalikuwa mengi hata Bunge likaingilia. Operesheni ikasimamishwa, na mawaziri wanne wakaondoka katika nafasi zao. Tembo hakupata rafiki kwa njia ile. Mtoto aliyemwona baba yake akipigwa kwa jina la wanyama, atawapendaje wanyama?

Tena liko neno la ahadi. Mwaka 1959 Wamasai walitoka katika nyanda za Serengeti, wakakubaliwa kukaa Ngorongoro pamoja na mifugo yao. Walikuwa kama 8,000. Kufikia miaka ya karibuni wamezidi 90,000. Tangu mwaka 2022 wengi wamehamia Msomera, katika Wilaya ya Handeni. Serikali yasema wanahama kwa hiari yao, tena wanapewa nyumba na ardhi; wengine miongoni mwao wasema kwamba huduma zikipunguzwa pale mtu alipo, hiari hiyo ni nyembamba. Sisi hatukukalia kiti cha hakimu. Twasema hili tu: tatizo la watu wengi na nchi ndogo ni la kweli, na halifichiki, lakini ahadi iliyotolewa kwa mzee haifutwi bila kukaa tena na wajukuu zake, wazungumze, waelewane.

Tena tusisahau kwamba kusikilizana kwawezekana. Januari 2019 Rais Magufuli aliagiza kusimamishwa kwa kuwaondoa watu katika vijiji vilivyodaiwa kuwa ndani ya hifadhi, na mawaziri wakatumwa kwenda kutazama. Septemba mwaka huo huo ilitangazwa kwamba, kati ya vijiji 975 vyenye migogoro, 920 vitabaki vilipo. Jambo lililoonekana la shoka lilipata dawa, kwa sababu waliokuwa mezani walikwenda kuona kwa macho.

YATUPASAYO

Basi, tufanye nini? Wa kwanza ni sisi wananchi. Tuyajue mawe ya mipaka. Tusitege nyaya, wala tusiwafiche majangili kwa ajili ya kipande cha nyama. Ajuaye jangili na kunyamaza ameiba pamoja naye. Kijiji kiwe na mpango wa matumizi ya ardhi, na mkutano mkuu wa kijiji uitishwe kwa haki, akina mama na vijana wakiwemo. Mkataba na kampuni ya utalii usitiwe sahihi na watu watatu chini ya mti; usomwe mbele ya wote, kwa lugha ya wote. Na mapato yaandikwe ukutani mwa ofisi ya kijiji, kila apitaye asome.

Wa pili ni wenye madaraka. Mpaka usitangazwe katika gazeti la Serikali kabla ya kutangazwa kijijini. Atakayehamishwa alipwe kwanza, ndipo ahame. Fungu la kijiji lijulikane ni kiasi gani, nalo lifike.

Wa tatu ni wenye hoteli na makampuni. Nyanya, mayai, maziwa na asali vinavyoliwa na wageni vinunuliwe katika kijiji cha jirani, wala visibebwe kutoka mjini vikipita mbele ya mlango wa mkulima. Na kijana wa pale afundishwe kazi, asipewe ufagio siku zote.

Mwalimu Nyerere, huko Arusha, Septemba 1961, alitangaza kwamba wanyama wetu ni amana, tena ni sehemu ya riziki ya watu wetu wa baadaye. Watu wa baadaye aliowasema ndio sisi. Amana tumeipokea, riziki iwafikie na wale wanaolala wakisikia simba akinguruma.

Jioni moja juma hili, baada ya chakula, baba na mama wakae na watoto, wajiulize maswali haya:

1. Karibu nasi kuna hifadhi au msitu wa namna gani, na mipaka yake tunaijua?

2. Ni nani aliyetoa kitu ili hifadhi hiyo iwepo, na amepewa nini badala yake?

3. Je, katika kijiji chetu kuna ngitili, au desturi nyingine ya wazee ya kutunza nchi, ambayo tumeiacha?

4. Mgeni akija kesho kututembelea, tungependa akute nini, na akiondoka tungependa atuachie nini?

Mgeni na aje. Tutampokea kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa. Lakini akiisha kwenda zake, tutazame chungu cha mwenyeji.